Milele ni ya Nani? Burke, Paine na Wollstonecraft Chini ya Mparachichi

Miaka kadhaa iliyopita, mwezi wa Desemba, nilikaa kwenye kikao cha ukoo wetu kule Kilimanjaro, chini ya mparachichi, tukijadili wosia wa babu. Babu alikwisha kufariki siku nyingi. Wosia wake ulikuwa mfupi, ameuandika kwa mkono kwenye karatasi ya daftari: kihamba kisiuzwe, kisigawanywe, kisitoke mikononi mwa ukoo, milele. Wakati anaandika, kahawa ilikuwa inalipa na wanawe wote walikuwa nyumbani. Siku ya kikao kahawa ilikuwa imezeeka, sisi wajukuu tumetawanyika Dar, Arusha na Mwanza, na baba mdogo alikuwa na deni kubwa la hospitali. Alitaka kipande chake akiuze. Wazee wakasema neno la marehemu halivunjwi.

Nikasimama. Nikasema, kwa heshima zote, aliyelala kaburini hawezi kuwaamulia walio hai mpaka mwisho wa dunia. Vijana wakanipigia makofi, mzee mmoja akaguna. Nilijiona nimesema jambo.

Ukweli ni kwamba hoja ile haikuwa yangu. Niliiazima kwa Thomas Paine, niliyemsoma nikiwa mwaka wa pili chuoni, kwenye nakala ya kutoa kopi ambayo kurasa zake zilikatika pembeni. Mwaka huu nimemrudia. Safari hii nimemweka mezani pamoja na mtu aliyekuwa akibishana naye, Edmund Burke, na mwanamke ambaye sisi chuoni tulitajiwa kwa sentensi moja tu tukapita, Mary Wollstonecraft. Nimemaliza nikiwa bado upande wa Paine. Ila nimegundua kwamba siku ile chini ya mparachichi nilikuwa nimemwelewa nusu, na nusu niliyoiacha ndiyo iliyonifanya niandike makala hii.

Ugomvi ulivyoanza

Tarehe 4 Novemba 1789, miezi michache baada ya watu wa Paris kuivamia gereza la Bastille, mchungaji mmoja aitwaye Richard Price alihubiri jijini London. Ilikuwa sherehe ya kukumbuka mapinduzi ya Uingereza ya mwaka 1688, yale yaliyomwondoa mfalme James II na kuwaleta William na Mary. Price alisema mapinduzi yale yalithibitisha kwamba Waingereza wana haki ya kuchagua watawala wao, kuwaondoa wakiharibu, na kujiundia serikali wanayoitaka. Kisha akawapongeza Wafaransa kwa kufuata njia hiyo hiyo.

Burke, mbunge mkongwe, aliposoma hotuba ile alichemka. Tarehe 1 Novemba 1790 akatoa kitabu chake, Reflections on the Revolution in France, yaani Tafakuri juu ya Mapinduzi ya Ufaransa. Amekiandika kama barua kwa kijana Mfaransa, na ni barua kweli: hakina sura, hakina vichwa vya habari, kinatiririka kama mto wa masika na kubeba kila kinachokutana nacho njiani.

Ni rahisi kumgeuza Burke kuwa yule mzee aliyeguna kwenye kikao. Mimi nilimfanya hivyo nikiwa chuoni. Lakini hebu tumtendee haki. Huyu alizaliwa Dublin, Mwairishi aliyepanda ngazi kwa kalamu na ulimi wake. Makoloni ya Marekani yalipolalamikia kodi za London, yeye alisimama bungeni kuyatetea. Warren Hastings, aliyekuwa Gavana Mkuu wa Bengal, alipotuhumiwa kuwanyanyasa na kuwapora watu wa India, Burke ndiye aliyeongoza mashtaka dhidi yake. Kesi ilianza 1788 na kuburuzwa mpaka 1795, Hastings akaachiwa. Mtu wa namna hiyo huwezi kumwita mlamba viatu vya wakubwa ukaishia hapo.

Hoja yake kubwa inakaa kwenye neno moja tunalolijua vizuri mno: urithi. Kwa Burke, haki za Mwingereza ni mali aliyoachiwa na wazee wake, nao waliachiwa na wazee wao. Hazikuchimbuliwa na mwanafalsafa aliyekaa chumbani akiwaza binadamu wa kwanza aliishije porini. Nchi ni ushirika wa waliokufa, walio hai na ambao bado hawajazaliwa, kwa hiyo kizazi kimoja hakiruhusiwi kuibomoa nyumba kwa sababu tu leo ndicho kinacholala ndani yake.

Ukikisoma kwa Kiswahili kichwani, kama ninavyofanya mimi bila kujijua, hoja hii inaingia bila kubisha hodi. Sisi tukisema "nipe haki yangu" kwenye msiba, mara nyingi tunamaanisha fungu la urithi. Neno letu haki limebeba sheria, ukweli, uadilifu na kile kipande cha shamba, vyote kwa pamoja. Burke angelipenda sana neno hilo. Kwake haki isiyo na ukoo, isiyo na mipaka inayojulikana na majirani, ni maneno matupu. Wafaransa walipotangaza Azimio la Haki za Binadamu na Raia, tarehe 26 Agosti 1789, na kusema watu huzaliwa huru na sawa, Burke aliona watu wanaogawana shamba ambalo hawajui liko wapi.

Mshonaji aingia ulingoni

Paine hakuwa mbunge. Alizaliwa Thetford mwaka 1737, akajifunza kazi ya baba yake ya kushona nguo za ndani za kubana kiuno, akawa ofisa wa ushuru, akafukuzwa kazi. Alipotua Philadelphia mwaka 1774 alikuwa karibu na miaka arobaini na hakuwa na cha kujivunia. Januari 1776 akatoa kijitabu Common Sense, kilichowaambia Wamarekani waache kuomba msamaha na wachukue uhuru wao. Kuanzia hapo jina lake likajulikana.

Jibu lake kwa Burke, Rights of Man, sehemu ya kwanza, lilitoka Machi 1791, likiwa limewekwa wakfu kwa George Washington. Mchapishaji wa kwanza, Joseph Johnson, aliogopa akalirudisha; mwingine, J. S. Jordan, ndiye aliyelitoa. Sehemu ya pili ilifuata Februari 1792.

Niseme wazi, kama kazi ya uandishi sehemu ya kwanza ina matatizo. Paine anakusimulia matukio ya Paris kwa kurasa nyingi, anakubandikia Azimio la Wafaransa zima zima, anarudi kwa Burke, anamwacha tena. Kama ni mhariri wangu angeambiwa apunguze theluthi. Lakini anapolishika jambo lake, halitoki mkononi.

Jambo lenyewe ni hili. Burke alijivunia kwamba Bunge la mwaka 1689 liliapa utii kwa William na Mary kwa niaba yao wenyewe, warithi wao na vizazi vyao vyote, milele. Neno milele ndilo Paine alilolikamata. Anauliza: wale wabunge walipata wapi mamlaka hayo? Walikuwa na haki ya kujifunga wenyewe, sawa. Lakini mtu ambaye hajazaliwa waliingia naye mkataba lini? Mtu hamiliki mtu mwingine, na kwa sababu hiyo hiyo kizazi hakimiliki kizazi kinachofuata. Sheria ya zamani inaendelea kufanya kazi kwa sababu walio hai hawajaifuta, yaani wameikubali kwa kunyamaza. Siku wakiikataa, umri wake hauiokoi.

Hapo ndipo haki za asili zinapopata kazi yake kwa Paine. Anamwambia Burke, kwa maana hiyo, kwamba kama unataka kwenda kwa mababu, usiishie miaka mia moja nyuma au elfu moja. Nenda mpaka mwanzo kabisa, kwa binadamu wa kwanza, kabla hajawapo mfalme wala mtwana. Kila mtoto anayezaliwa leo anaingia duniani na haki zile zile alizokuwa nazo yule wa kwanza. Serikali inatokana na watu kukubaliana kulinda haki hizo kwa pamoja. Katiba basi inatangulia serikali. Ni tendo la watu, na lazima iwe kitu unachoweza kukishika na kukisoma kipengele kwa kipengele. Serikali inayojiandikia katiba yenyewe, kwa Paine, ni mtumishi aliyejiandikia mkataba wake wa ajira akajipangia na mshahara.

Kutoka hapo anahukumu mifumo ya utawala. Utawala wa kurithi anauona kichekesho: hakuna anayerithi akili ya hesabu au kipaji cha ushairi, iweje uwezo wa kutawala urithiwe? Na akili za mtoto wa mfalme zikiwa pungufu, mfumo hauna dawa. Utawala wa uwakilishi una faida moja ya wazi: hekima haijulikani itazaliwa nyumba gani, kwa hiyo acha mlango wazi.

Peni sita

Lakini kilichowatia hofu watawala wa London hakikuwa hoja peke yake. Hoja za mkataba wa jamii zilikuwepo tangu John Locke, miaka mia moja kabla, na Rousseau aliandika za kwake 1762. Kilichobadilika ni msomaji. Burke aliandika kwa watu waliosoma Kilatini. Kwenye sehemu moja alipokuwa akihofia elimu kukanyagwa na umati, aliufananisha umati na nguruwe, na watu hawakumsahau. Thomas Spence, muuza vitabu maskini wa London, alianzisha jarida mwaka 1793 akalipa jina la chakula cha nguruwe.

Paine aliandika sentensi ambazo fundi viatu angeweza kumsomea mwenzake wakiwa kazini. Kisha matoleo ya peni sita yakatoka. Sehemu ya pili ilikuwa na jambo jingine la kuwavuta watu: hesabu. Ukurasa kwa ukurasa Paine anakokotoa kodi za Uingereza na kuonyesha kwamba fedha zinazokwenda kwa jeshi na kwa watu wa ikulu zingetosha kuwapa familia maskini pauni 4 kwa mwaka kwa kila mtoto aliye chini ya miaka 14 ili asome, pauni 6 kwa mwaka kwa maskini aliyefika miaka 50, na pauni 10 kwa aliyefika 60. Tena anasisitiza kuwa fedha hiyo kwa wazee si sadaka. Wamelipa kodi maisha yao yote, ni haki yao.

Mimi naona hizi ndizo kurasa bora kuliko zote za kitabu. Wanafalsafa wengi wa zama hizo za Mwangaza walijua kuandika neno "binadamu" kwa herufi kubwa. Paine alikaa chini akauliza binadamu huyo akifika miaka 60 na mgongo umekwisha atakula nini, na bei yake ni pauni ngapi. Haki ikishapata bei, serikali haiwezi tena kujificha nyuma ya maneno.

Mei 1792 mfalme akatoa tangazo dhidi ya maandishi ya uchochezi. Septemba Paine akavuka kwenda Ufaransa, na Desemba 18 akahukumiwa London bila yeye kuwepo. Wakili wake, Thomas Erskine, alijitahidi lakini baraza la wazee wa mahakama halikuhitaji muda. Mwendesha mashtaka alieleza kwamba sehemu ya kwanza waliiachia kwa sababu walidhani itasomwa na watu wenye busara. Ya pili ilisambazwa kwa kila aina ya mtu, mpaka pipi za watoto zikafungwa kwa karatasi zake. Sisi tunaofanya kazi ya habari tunaielewa lugha hiyo. Kosa linaanza pale neno linapomfikia muuza pipi.

Pale Burke aliposhinda

Ningependa kuishia hapo, lakini Burke hajamaliza. Mwaka 1790, wakati mfalme wa Ufaransa bado yuko hai na wengi wanadhani mambo yameshatulia, Burke aliandika kwamba nchi ikishang'oa mamlaka yote yaliyozoeleka, mwishowe atatokea jenerali anayependwa na askari naye atakuwa bwana wa wote. Burke alifariki 1797. Napoleon alitwaa madaraka 1799. Ubashiri wa namna hiyo hauji kwa bahati. Alijua kwamba haki iliyoandikwa kwenye karatasi jana inahitaji mazoea, mahakama, watu waliozoea kushindwa uchaguzi bila kushika panga. Vitu hivyo havipigiwi kura asubuhi vikawepo jioni.

Na Paine mwenyewe aliionja. Wafaransa walimchagua kuingia kwenye bunge lao jipya, Konventi, akiwakilisha Pas-de-Calais, ingawa Kifaransa chake kilikuwa cha kuombea maji. Januari 1793 Konventi ikaamua hatima ya Louis XVI. Paine, mtu aliyewatukana wafalme kwa vitabu vizima, alikataa mfalme asiuawe. Alitaka afungwe, kisha vita ikiisha apelekwe uhamishoni, na mahali alipopendekeza ni Marekani. Hotuba yake ilisomwa na mwingine kwa Kifaransa huku yeye amesimama, na Marat akaikatiza akidai kwamba mtu mwenye asili ya dhehebu la Waquaker hafai kupiga kura juu ya adhabu ya kifo. Louis alikatwa kichwa tarehe 21 Januari. Mwisho wa mwaka huo huo Paine alikamatwa akafungwa gereza la Luxembourg, na hakutoka mpaka Novemba 1794.

Watu wengi husoma kisa hiki kama aibu ya Paine: ona, mapinduzi yake yamemmeza. Mimi nakisoma tofauti. Ni siku ile ndipo alipothibitisha kwamba aliyaamini aliyoyaandika. Kama haki ni za kila aliyezaliwa, basi zinamhusu na Louis, ambaye ukimvua taji ni mtu mnene mwenye watoto wawili. Kusema hivyo kwenye ukumbi ule, mwezi ule, haikuwa mchezo.

Walio hai ni akina nani?

Mpaka hapa hadithi ni ya wanaume wawili, mmoja akitetea waliokufa na mwingine akitetea walio hai. Ndivyo nilivyofundishwa na ndivyo nilivyoibeba mpaka kwenye kikao. Sasa mfungue Wollstonecraft.

Kwanza, tarehe. Burke alitoka 1 Novemba 1790. Tarehe 29 Novemba, mwezi haujaisha, Mary Wollstonecraft, mwanamke wa miaka 31 aliyekuwa akiishi kwa kalamu yake, alikwisha kumjibu kwa A Vindication of the Rights of Men, utetezi wa haki za binadamu. Toleo la kwanza halikuwa na jina lake. La pili lilikuwa nalo. Alimtangulia Paine kwa zaidi ya miezi mitatu.

Kitabu kimeandikwa kwa haraka na kinaonyesha hivyo. Anaruka, anafoka, anamshambulia Burke mpaka mahali pengine unamhurumia mzee wa watu. Lakini anayaona mambo ambayo wanaume wote wawili waliyapita. Burke anasema tuheshimu tulichorithi. Wollstonecraft anamjibu kwamba kwa hoja hiyo biashara ya utumwa isingekomeshwa kamwe, maana nayo ni ya zamani. Burke anasifu mali inayoshuka kutoka baba kwa mwana. Yeye anauliza juu ya wadogo wanaonyimwa ili kifungua mimba wa kiume achukue vyote, na anataka mashamba makubwa yagawanywe yawe madogo. Burke analia kwa ajili ya malkia Marie Antoinette na anawachora wale wanawake wa Paris walioandamana kwenda Versailles Oktoba 1789 kama mashetani; yeye anamkumbusha kwamba pengine ni wanawake wanaoishi kwa kuuza mboga na samaki, ambao hakuna aliyewahi kuwasomesha.

Nilipofika hapo niliacha kusoma kidogo. Katika mabishano yote yale juu ya walio hai, huyu ndiye aliyewauliza walio hai wanafanya kazi gani.

Maana walio hai wa mapinduzi walikuwa wamehesabiwa vipi? Katiba ya Ufaransa ya 1791 iliwagawa raia mafungu mawili. Wa kupiga kura ni mwanamume wa miaka 25 au zaidi, anayelipa kodi isiyopungua ujira wa siku tatu, na asiwe mtumishi wa ndani. Wanawake hawakuwemo. Olympe de Gouges akaandika azimio lake la haki za mwanamke Septemba mwaka huo huo. Novemba 1793 akapelekwa kwenye gilotini. Na Agosti 1791, kati ya sehemu ya kwanza na ya pili ya kitabu cha Paine, watumwa wa Saint-Domingue, koloni la sukari la Ufaransa, walianzisha uasi uliokuja kuzaa Haiti mwaka 1804. Hao walikuwa wamelisoma Azimio kwa namna yao: kama watu wote huzaliwa huru, sisi tunasubiri nini? Konventi ilifuta utumwa Februari 1794, baada ya wao kuwa wameshapigana. Napoleon akajaribu kuurudisha 1802.

Paine hakuwa adui wa watu hao. Mwaka 1795, akiwa ametoka gerezani na afya imeharibika, aliandika kupinga kura kupimwa kwa mali ya mtu. Hata hivyo katika Rights of Man mwanamke kama mpiga kura hayumo, na uasi wa Saint-Domingue si mfano anaoujengea hoja.

Lugha yetu inaficha jambo hili. Kiingereza cha Paine kinasema Man, na neno hilo ni binadamu na ni mwanamume kwa wakati mmoja. Mlango umefungwa nusu na mwandishi hasemi nusu gani. Sisi tunatafsiri haki za binadamu, na "binadamu" wetu, kama "mtu" wetu, hana jinsia. Kwa hiyo nilipomsoma Paine nikiwa chuoni, Kiswahili changu kilikuwa kinamsahihisha bila kuniambia. Nilidhani amesema watu wote. Wollstonecraft, aliyekuwa anasoma lugha ile ile aliyoizaliwa nayo, hakudanganyika. Mwaka 1792 akaandika kitabu cha pili, A Vindication of the Rights of Woman, akitaka mwanamke asomeshwe kama kiumbe mwenye akili, na akadokeza kwamba siku moja wanawake wawe na wawakilishi wao. Naye ana mipaka yake: mwenyewe anasema anawalenga zaidi wanawake wa tabaka la kati, na muuza samaki wa kitabu cha kwanza tunamkosa. Lakini swali amelifungua, na halikufungwa tena. Uingereza iliwapa wanawake kura sawa na wanaume mwaka 1928. Ufaransa, nchi ya Azimio, mwaka 1944.

Kurudi chini ya mparachichi

Kikao chetu kiliisha jioni. Tulikubaliana kwamba baba mdogo auze kipande, ila amuuzie mwana ukoo, na makaburi yasiguswe. Ukiangalia vizuri ni Paine na Burke wamepeana mikono: walio hai wameamua, na waliokufa wameheshimiwa. Tulimimina mbege, tukajipongeza. Nilitembea kwenda jikoni kuchukua maji ya kunawa.

Shangazi alikuwa kule, anaosha sufuria. Ni yeye aliyerudi nyumbani baada ya ndoa yake kuvunjika, akamuuguza babu mpaka siku ya mwisho, na ndiye anayekata majani ya ng'ombe na kupogoa migomba kwenye kihamba kile kila siku ya Mungu. Akanipokea jagi, akaniuliza, "Baba, mmeamuaje?"

Mmeamuaje. Ninyi. Kipande kilichouzwa kilikuwa pamoja na mstari wa migomba aliyoipanda mwenyewe, na hakuna aliyemwita kwenye kikao, nikiwemo mimi niliyesimama kutetea walio hai. Nilimweleza. Akasema "Haya," akaendelea kusugua sufuria.

Sijui kama ningelisoma kisa hicho vizuri bila Wollstonecraft. Najua kwamba kwa miaka mingi sikukisoma kabisa.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii. Paine yuko sahihi kuhusu nani aamue: hakuna milele inayotoka kwa marehemu. Burke yuko sahihi kuhusu kinachopotea na kwa jinsi gani kinavyopotea haraka, na anayetaka mabadiliko amsome kwanza ili ajue atavunja nini. Lakini ukiwasoma wawili tu utatoka ukidhani ugomvi wote ni kati ya jana na leo. Kabla ya kuuliza kama walio hai wana haki ya kuamua, inabidi uwahesabu, na uende mpaka jikoni.

Ukitaka kuanza, anza na Rights of Man sehemu ya pili, zile kurasa za hesabu, kisha rudi ya kwanza. Burke msome taratibu, mchana, maana usiku atakulaza. Wollstonecraft wa 1790 ni mfupi, wikendi moja inatosha. Kisha njoo tubishane, hasa wewe unayeona nimemwonea Burke. Mimi Desemba hii naenda nyumbani, na kuna kikao kingine. Nimeshapiga simu kuomba kiti kimoja kiongezwe. Nimejibiwa kwamba wazee watalifikiria.